Mheshimiwa Waziri, tuwajue konokono wala matumbawe wangali wanaelea majini

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia uchumi wa samawati, Kenya.

Mheshimiwa, salamu kutoka Watamu. Mimi ni nahodha wa mashua ya kupeleka wageni kutazama matumbawe, kwa hiyo riziki yangu iko chini ya maji.

Mgeni akiona tumbawe jeupe huniuliza kama ni joto. Mara nyingi ni joto kweli. Mwaka 1998 na 2016 tuliona. Lakini uko weupe mwingine. Tumbawe lililopauka kwa joto bado lina nyama, na maji yakipoa mapema huweza kupona. Lililoliwa na konokono limebaki mfupa mtupu. Chungulia kwenye matawi yake utawakuta wenyewe, wadogo kama ncha ya kidole gumba, wamerundikana wakingoja usiku waendelee kuparura. Wataalamu huwaita Drupella. Huko Ningaloo, Australia Magharibi, walifurika miaka ya 1980 wakaangamiza eneo kubwa la matumbawe. Kwetu, watafiti waliandika miaka ya 1990 kwamba wameongezeka. Nasi wavuvi (tusijifanye hatuna hatia) tumemvua mno samaki kikande na wenzake wenye meno ya kuvunja makombe ya konokono hawa.

Tatizo ni kwamba tunawaona wakiwa wamekwisha kula. Wakiwa wachanga hujificha ndani kabisa ya matawi, hata mzamiaji hodari huwapita. Ila kabla ya hapo wana wiki kadhaa za kuelea baharini wakiwa viluwiluwi, na hapo ndipo pa kuwawahi. Australia wanachota maji ya bahari, wanayapima vinasaba maabarani, na wanajua kama viluwiluwi vya kiti cha pweza chenye miiba, mla matumbawe mwingine, vimo. Njia hiyo inaweza kutengenezewa konokono.

Sisemi kila kiluwiluwi kitakuwa balaa. Wengi huliwa au hupotea. Kipimo kimoja hakitatuambia kitu. Tunahitaji kipimo cha kila mwezi, kaskazi na kusi, miaka kadhaa, ndipo tujue kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopesha. Ndiyo maana naomba tuanze sasa, wakati miamba bado ina uhai wa kulinda.

Naomba pia uzungumze na mwenzako wa Tanzania. Mkondo wa pwani hupanda kutoka kusini, na kiluwiluwi kilichoanguliwa kwao hakigongi muhuri mpakani Lunga Lunga. Wakipima wao Pemba, sisi kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite tutapata habari mapema.

KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana wataalamu. Mabaharia na vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, tunatoka kila siku. Tufundisheni kuchota na kuhifadhi maji ipasavyo, mtupe chupa na barafu. Mashua ninayo, na safari ya kwanza mafuta ni juu yangu.

Wako mtiifu,
Nahodha, Watamu