Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba): matone ya "kuyeyusha" mtoto wa jicho

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Shangazi yangu alikuwa akikiweka kichupa chake ndani ya kikombe juu ya kifuniko cha mtungi, maana hana friji na muuzaji alimwambia dawa isipate joto. Asubuhi matone mawili, jioni mawili. Kichupa Sh 45,000. Aliambiwa ni "antioksidanti": inazuia mtoto wa jicho, na aliyekwisha kuingia inamyeyusha. Kufikia kichupa cha tatu alikuwa akitutambua kwa sauti.

Wazo lenyewe halikuzuka hewani. Lenzi ya jicho imejaa protini, na kadiri umri unavyokwenda protini hizo huoksidishwa, yaani huharibiwa na oksijeni, zikagandana na kupauka, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto. Huko kupauka ndiko mtoto wa jicho. Watu wakawaza kuizuia hali hiyo kwa matone ya antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu huo. Yanayovuma zaidi ni ya N-asetilikarnosini. Lakini mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta tafiti mbili tu zilizoelekea kufaa, za Urusi na Marekani, zenye jumla ya watu 114, na hata hizo maelezo ya namna zilivyofanywa hayakutosha kuzitegemea. (Na yai lililochemka, mimi sijaona dawa ya kulirudishia ubichi.)

Tiba inayojulikana ni upasuaji: lenzi iliyopauka inatolewa, inawekwa ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu. Shangazi aliuogopa, na kichupa kikampa sababu ya kuahirisha. Alipofika hospitali, mtoto wa jicho la kulia alikuwa amepevuka mno hadi presha ya jicho ikapanda. La kushoto sasa linaona. La kulia ni kivuli tu.

Siombi msako wa siku moja wenye kamera. Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida, mbandike kwenye maduka ya dawa, mtangaze redioni, kwamba hakuna matone yaliyothibitishwa kuzuia wala kuyeyusha mtoto wa jicho. Mtaje na matone ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ambayo watu hujinunulia macho yakiwasha. Yakitumiwa muda mrefu, yenyewe huleta mtoto wa jicho. Anayedai vinginevyo aonyeshe namba ya usajili na ushahidi.

Kichupa cha nne hakijafunguliwa. Ninacho, pamoja na boksi lake, mkikihitaji nitakileta.

Wako,
Mkazi wa Tanga