Siti skani kutoka safi haina maana mtu hana kitu

Mhariri, salaam nyingi kwako na wenzako wote hapo ofisini.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, ile makala yenu ya afya imeninyima usingizi. Mmeandika kwamba kijana akifa ganzi miguu, siti skani ya kichwa, ile picha ya eksirei ya kompyuta, ikatoka safi, basi hiyo ni stress tu apumzike itaisha. Jamani hapana. Hayo hayo ndo mdogo wangu wa kike aliambiwa miaka mitatu mizima.

Yeye alianza na jicho. Alikua na miaka 26, kaamka asubuhi jicho la kulia linaona ukungu na akilizungusha linauma, akapewa miwani, baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe tukasahau. Mwaka uliofata ganzi ikamshika kuanzia kiunoni kushuka chini, anatembea anasema kama anakanyaga pamba, siti skani ikapigwa, safi, wakasema ni mawazo. Shangazi akasema karogwa, tukazunguka kwa waganga na hela zikaisha huko. Mpaka daktari mmoja kijana alipokataa akasema huyu apigwe MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, ya kichwa na uti wa mgongo, ndo tukaonyeshwa madoa meupe kibao. Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, wenyewe wanasema MS, kinga ya mwili inageuka inashambulia ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, sasa fikiria waya uliochunwa plastiki, umeme unafika kwa shida au haufiki kabisa.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata na jina lililonikaa ni la profesa Ian McDonald, daktari wa neva, mtu wa New Zealand aliefanya kazi London pale Queen Square kwenye hospitali ya magonjwa ya neva. Mwaka 1972 yeye na Martin Halliday na mwenzao mwingine walichukua watu waliougua jicho vile vile kama mdogo wangu, wakawaonyesha miraba myeusi na myeupe inayobadilishana kama bao la drafti huku wanapima umeme kisogoni, ndo sehemu ya ubongo inayopokea anachokiona mtu, wakakuta ishara inachelewa kufika hata kwa mtu ambae jicho lishapona na herufi za ukutani anazisoma zote. Nilivosoma hapo nililia, maana sisi jicho liliporudi tulichinja kuku.

Alafu kuna hii ya 1981, hapo hapo London lakini ni timu ya hospitali ya Hammersmith. Wagonjwa 10 wa MS, siti skani ikaonyesha madoa 19, mashine mpya ya MRI ikayaona hayo na mengine 112 juu yake. Mhariri hebu rudia hizo namba. Zina zaidi ya miaka 40 na bado gazeti linaandika siti skani safi ni stress!

McDonald na wenzake baadae wakawa wanawapiga MRI watu wale wale tena na tena, ikajulikana madoa mapya yanatokea mengi tu wakati mgonjwa mwenyewe hasikii lolote. Na ukichomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, mshipani doa bichi linawaka, la zamani haliwaki. Zamani daktari ilibidi asubiri mgonjwa ashikwe mara ya pili ndo aseme ni MS, mwaka 2001 jopo la McDonald likaweka vigezo kwamba picha nayo inaweza kutoa huo ushahidi, madoa yawe sehemu tofauti na yawe ya nyakati tofauti. Vigezo vimeshaboreshwa mara kadhaa na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake, ye mwenyewe alifariki 2006. Mdogo wangu siku ile ile moja alikutwa na yanayowaka na yasiyowaka, yaani mapya na ya zamani.

Sisemi kila ganzi ni MS, na madoa meupe yanaletwa na mengine pia, presha kwa mfano, ndo maana lazima daktari wa neva amshike mgonjwa ampime na sio kusoma picha tu. Siti skani nayo ina kazi yake, mtu kapata ajali au damu imevuja kichwani inaokoa. Najua pia MRI ni ghali na wilaya nyingi hazina. Lakini mwenye ganzi aliewahi kuugua jicho likapona lenyewe asirudishwe nyumbani na panadol, kwasababu dawa za kupunguza mashambulizi zipo ila haziwezi kurudisha kilichokwisha haribika, na mdogo wangu sasa anatembelea fimbo.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, na mumtafute daktari wa neva aeleze hilo la jicho. Hiyo makala alikua ananisomea yeye mwenyewe barazani, alipofika pale pa stress akanyamaza, akanipa gazeti nimalizie.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga