Msiwatundikishe mawinga daluga mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu mawinga. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, mchezaji wa pembeni aliyevuka miaka 30 huambiwa amekwisha, na sababu huwa ile ile: hana tena mbio za zamani. Anayetoa hukumu hiyo hajui kazi ya winga ni ipi. Nami namleta shahidi mmoja, Stanley Matthews wa Uingereza, aliyecheza mechi yake ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, lililokuwa daraja la juu kabisa la huko wakati ule, tarehe 6 Februari 1965, Stoke City dhidi ya Fulham, siku tano baada ya kutimiza miaka 50.

Umri huo husimuliwa kama kioja, habari ikaishia hapo. Ulikuwa na sababu zake, na sababu hizo zinaelezeka.

Tuanze uwanjani. Matthews alitaka apewe mpira mguuni, hakutaka urushwe mbele akaukimbilie. Aliupokea karibu na chaki ya upande wa kulia, akamfuata beki wa kushoto polepole, mara nyingine akiwa kama amesimama, mpaka wakabaki hatua mbili baina yao. Hapo hulaza bega la kushoto, kama mtu anayekata kuingia ndani. Beki akishahamishia uzito kwenye mguu wake wa kulia, amekwisha kazi: gozi linasukumwa kwa upande wa nje wa mguu wa kulia kuelekea chaki, na winga anaondoka nalo. Beki hawezi kugeuka kabla ya kuurudisha uzito ule, na nusu sekunde anayoipoteza ndiyo mali ya winga. Mita tano za kasi zinatosha. Mabeki wa Uingereza walijua fika kwamba atatokea nje, na bado waliachwa, kwa sababu beki aliyekataa kufuata bega alikuwa ameacha mlango wa ndani wazi.

Wanaojaribu chenga hii hukosea mahali patatu. Wengine hulaza mwili wangali mbali, hatua nne au tano, beki akapata muda wa kujirudi. Wengine huusukuma mpira kwa nguvu ukatoka nje au ukamkuta beki wa pili anayemfunika mwenzake. Na wengi zaidi huangalia mpira, wakati jicho linatakiwa liwe kwenye nyonga na magoti ya beki, maana uzito husomwa huko. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo linalotokana na umri. Kwa kweli kusoma uzito wa mtu ni jambo linaloongezeka kadiri winga anavyokutana na mabeki wengi.

Kisha majalo, yaani krosi. Matthews alipendelea kufika karibu na mstari wa goli ndipo aurudishe mpira nyuma. Pale mabeki wanakuwa wanakimbia wakilitazama lango lao wenyewe, kipa amebanwa kwenye nguzo ya karibu, na mshambuliaji anayetokea nyuma ya mpira hawezi kuwa ameotea. Krosi ndefu inayoinuliwa kutoka mita 30 haina hata moja ya faida hizo, ila ndiyo tunayoiona kila wiki.

Tazama fainali ya Kombe la FA ya tarehe 2 Mei 1953, Wembley. Matthews ana miaka 38, na Blackpool yake tayari imepoteza fainali mbili, 1948 kwa Manchester United na 1951 kwa Newcastle United. Bolton Wanderers wanaongoza 3-1, zimebaki dakika kama 22. Blackpool wakashinda 4-3. Bao la pili la Blackpool lilitokana na krosi yake iliyomponyoka kipa, na la nne lilikuja katika dakika za nyongeza, aliporudisha mpira nyuma huku akiteleza, Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaupachika wavuni.

Lakini lazima isemwe pia kwa nini upande ule ulifunguka. Eric Bell, kiungo wa kushoto wa Bolton, aliumia msuli wa nyuma ya paja mapema, akapelekwa kuchechemea pembeni, na fowadi Harold Hassall akarudishwa nyuma kuziba nafasi yake. Beki wa kushoto, Ralph Banks, akakamatwa na mkazo wa misuli. Enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Blackpool waliliona hilo, na Ernie Taylor, kiungo mshambuliaji wa kulia, akawa anampelekea Matthews mpira mfululizo. Winga hang'ari asipopata mtu wa kumlisha, na wengi tunaowaita wamechoka wamenyimwa huyo Taylor tu. Fainali ile ikaitwa ya Matthews, jina ambalo mwenyewe hakulipenda, na alikuwa na haki. Stan Mortensen alifunga mabao matatu siku hiyo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya katika fainali ya FA kwenye Wembley ile ya zamani.

Nagusia na mabao, maana kurasa za michezo siku hizi humpima winga kwa mabao kana kwamba ni straika. Katika mechi 697 za ligi Matthews alifunga 71. Kati ya hizo, mechi 379 alichezea Blackpool, na kule alifunga 17 tu. Alipokuwa kijana alifunga zaidi: Desemba 1937 aliifungia England mabao matatu dhidi ya Czechoslovakia, mechi iliyoisha 5-4. Baadaye aliacha kuingia kwenye boksi, akabaki pembeni kuwa mpishi wa wengine. Kwa kipimo cha mabao angeachwa mwaka 1950. Mwaka 1956, akiwa na miaka 41, alishiriki England ilipoifunga Brazil 4-2 Wembley, akimsumbua beki wao wa kushoto, Nílton Santos, na mwishoni mwa mwaka huo akawa mtu wa kwanza kutwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, pointi 47 kwa 44 za Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid. Mechi yake ya 54 na ya mwisho ya England ilikuwa Mei 1957, ana miaka 42.

Mwili aliutunza. Baba yake, Jack, alikuwa bondia na kinyozi wa Hanley, akamzoesha tangu utotoni mazoezi ya viungo na ya kuvuta pumzi asubuhi. Alipohamia Blackpool mwaka 1947 kwa pauni 11,500, tayari na miaka 32, alikuwa akijifua ufukweni alfajiri. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, Jumatatu alifunga kula, na chakula chake kilijaa matunda, mboga mbichi na maji ya karoti. Vita Kuu ya Pili vilimnyang'anya misimu saba ya ligi, lakini sidhani kama ndivyo vilivyompa uhai mrefu, kwani aliendelea kucheza mechi za wakati wa vita.

Viatu navyo vilihusika. Daluga za Waingereza wa wakati ule zilikuwa nzito, ngumu puani, zikipanda juu ya kifundo. Kwenye Kombe la Dunia la 1950 Brazil aliona zile nyepesi, akarudi na kutengenezewa za aina hiyo katika kiwanda cha jumuiya ya ushirika. Zilichakaa baada ya mechi chache, naye akakubali hasara hiyo, kwa sababu kwa mtu anayeishi kwa mita tano, gramu za mguuni si jambo dogo.

Mwaka 1961 Stoke, klabu aliyoanzia, walimrejesha nyumbani akiwa na miaka 46. Watazamaji walipanda kutoka chini ya 9,000 hadi zaidi ya 35,000 siku ya mechi yake ya kwanza, na mwaka 1963 timu ikachukua ubingwa wa Daraja la Pili, yeye akifunga dhidi ya Luton Town katika mechi iliyowapandisha. Kilichomsimamisha hatimaye ni goti. Na ujuzi huo aliuleta Afrika: mwaka 1957 alikuwa Ghana iliyopata uhuru miezi michache tu kabla, akacheza na klabu ya Hearts of Oak, na mwaka 1975 aliunda timu ya vijana Weusi wa Soweto akaipeleka Brazil, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria ya Afrika Kusini.

Nakubali kwamba mchezo umebadilika. Matthews alikabiliana na beki mmoja, leo winga hukuta wawili, naye anatakiwa arudi kukaba. Ndiyo maana ushauri wangu kwa makocha wetu ni huu. Winga wa miaka 31 msimkimbize mizunguko ya uwanja. Mpeni mbio fupi kumi za mita 10, apumzike dakika nzima kati ya moja na nyingine, mara mbili kwa wiki. Mwekeni na beki mmoja ndani ya kichochoro cha upana wa mita 8 na urefu wa 15, apokee mpira mguuni na amalizie kwa krosi ya kurudisha nyuma, mara nane, kisha abadilishiwe beki. Akishindwa kuondoka ndani ya mita tano kwa mabeki watatu tofauti, hapo semeni amekwisha.

Nanyi waandishi, mnapotoa takwimu za winga, wekeni idadi ya mabeki aliowapita na majalo yaliyomfikia mwenzake, kabla ya mwaka aliozaliwa.

Mdau wa kandanda,
Morogoro