Barua kwa mwanangu: Barabara ya Kondoa

Dodoma,
Julai 2025

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Wanao wanarudi Dar kesho kwa treni. Barua hii nimeisokomeza kwenye begi la mkubwa, chini ya sweta. Begi la mdogo siliamini, lina ubuyu, na mtoto akiwa na ubuyu hakuna karatasi inayosalimika. Ningeweza kukupigia, au kukutumia sauti kama mnavyofanya siku hizi, ila humu lipo jambo moja ambalo nikianza kulisema kwa mdomo nitaishia kukuuliza bei ya gesi huko kwenu. Uvumilie mwandiko. Mkono huu umezoea usukani.

Wewe ulitaka wakae hapa nyumbani likizo nzima, wale zabibu. Zabibu zenyewe bado, mavuno ya pili ni Agosti na Septemba. Na upepo wa kipupwe wa Dodoma unaujua: mchana unakujaza vumbi machoni, usiku unalitafuta blanketi la pili. Siku ya nne wakawa wanagombania simu ya mama yako. Nikamwendea binamu yako, nikaazima Noah yake, nikasema nawapeleka watoto wakawaone ndugu zao. Mama yako alinitazama kwa muda, akasema, "Ndugu, au barabara?" Hakungoja jibu, akaingia jikoni kukaanga maandazi ya safari. Yeye alibaki, magoti hayamruhusu.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Kufika kwenye mizabibu ya Makutupora jua lilikuwa linachomoza, na kufika Mayamaya wote wawili walikuwa wamelala midomo wazi. Nakiri niliumia kidogo. Pale Mayamaya masika moja nililala chini ya lori usiku tatu, mimi na utingo wangu, tumezama mpaka ekseli, na magunia ya ufuta juu yakaanza kuchipua. Enzi hizo ukienda Kondoa, kilomita kama 160 tu, unaaga nyumbani kama mtu anayekwenda Hijja. Sasa ni lami kutoka Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, tangu Rais Magufuli alipokuja kuifungua mwaka 2018. Barabara iliyonila mgongo, wajukuu zangu wanaipigia usingizi.

Walipoamka mkubwa akasoma kwenye simu kwamba hii ni sehemu ya ile njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Akauliza tutafika Cairo lini. Nikamwambia kwa Noah hii tuombe kwanza tufike Chemba.

Na Chemba tulifika, ila kabla yake nilipigwa tochi. Kibao cha hamsini nilikiona, mguu ndio haukukiona. Elfu thelathini. Trafiki alikuwa kijana mpole, ananiita mzee kila baada ya neno, akanipa namba ya kulipia. Wanao wameipeleka habari hiyo katika kila nyumba tuliyoingia, kabla hata ya salamu. Naamini kwako itafika kabla ya barua hii.

Mibuyu ya huko Juni haina hata jani moja. Matunda yananing'inia matupu angani, na mdogo akataka kujua nani ameiua. Nikamwambia haijafa, inasubiri mvua. Akasema basi inasubiri sana. Magharibi ya hapo, ukielekea Farkwa na Kwa Mtoro, ndiko kwa Wasandawe. Utingo wangu wa miaka mingi alikuwa Msandawe, akanifundisha vidoko viwili vitatu vya lugha yao, vile vya kugonga ulimi kwenye kaakaa. Nikawafundisha watoto. Kosa kubwa. Mpaka Kondoa gari zima lilikuwa linagonga kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kondoa mjini hatukukaa. Tuliona chemchemi, tukanunua maji (ndiyo, ya chupa, kando ya chemchemi, usiniulize), tukapanda kuelekea Kolo.

Hapo ndipo nilipowasimulia kwa nini ndugu zao wametawanyika. Nakumbuka wewe hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Nilipokuwa kijana, vilima vyetu vya Irangi vilikuwa vimechunika kama mgongo wa punda wa mizigo. Makorongo yalikuwa yanameza shamba kwa usiku mmoja wa mvua, na mchanga unashuka kuzika mashamba ya bondeni. Serikali ikaleta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, wakachimba matuta na kupanda miti. Haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda wa kuchotea maji. Babu yako alikuwa na ng'ombe ambao kila mmoja alimjua kwa jina la mama yake. Akawaswaga kwenda upande wa Babati, na baba yako mdogo akafuatana naye, kijana wa miaka kumi na mitano. Shangazi yako alikuwa ameshaolewa, akabaki. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina ng'ombe wa kufuata wala shamba la kubakia, nikapanda lori la mtu kama utingo. Ukoo mzima uligawanyika wiki moja.

Nilikuwa na hasira na amri ile miaka mingi. Mwezi uliopita nilisimamisha gari pale juu, nikashuka. Makorongo yale niliyoyajua yameota nyasi na miti mpaka chini, mengine huwezi kuyatambua kuwa ni makorongo. Mdogo akasema pazuri. Sikumbishia. Babu yako hakurudi kupaona.

Shangazi yako sasa anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, bandani, anamkatia majani kama mgonjwa anayeletewa uji. Mgongo umeinama lakini ulimi umenyooka vilevile. Alipowaona watoto swali lake la kwanza kwa mkubwa lilikuwa, "Mama bado anaogopa bata mzinga?" Mtoto hakuelewa, kwa sababu katika nyumba yake mama ni wewe, na haiwezekani wewe uogope kitu. Nikamweleza kuwa umerithi jina la mama yetu, ndiyo maana mimi na shangazi tunakuita mama. Kisha shangazi akasimulia lile dume la bata mzinga lililokufukuza mpaka ukapanda juu ya kinu. Walicheka mpaka mdogo akapaliwa. Alisonga ugali wa uwele, akaweka mlenda wenye karanga, na mdogo, ambaye kwako hali hata mchicha, aliramba bakuli. Nakuambia ili asije akakudanganya.

Siku ya pili tukaenda Mongomi, kwenye michoro ya kale ya mwambani. Tulianzia ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, tukapewa kijana wa kutuongoza. Noah isingeweza kuvuka mchanga wa mto, kwa hiyo tukaenda kwa bodaboda tatu, halafu mguu kupanda mlima. Mimi nilipumzika mara nne. Mwamba wenyewe umeinama kama paa la baraza, na chini yake ndiyo kuna michoro. Myekundu ndiyo ya kale zaidi, watu warefu wembamba kama vivuli vya saa kumi na moja jioni, wana vichwa vyenye nywele nyingi. Mdogo akasema ni mama akifumua rasta. Kuna twiga, kuna tembo, na kuna myeupe ya miaka ya karibu, mizito, iliyopakwa kwa vidole. Kijana alitueleza kwamba Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951, na kwamba tangu 2006 eneo lote la Kondoa limo kwenye Urithi wa Dunia. Lakini Warangi wa hapa hawakungoja kuambiwa. Tangu zamani wanapanda kule kutambikia mvua na wagonjwa wao, na mpaka leo wapo wanaopanda. Akatuonyesha pia mashimo waliyochimba watu wanaoamini kuwa Wajerumani walifukia dhahabu pale. Mkubwa akauliza waliipata? Kijana akacheka tu.

Tukiwa tumekaa pale juu, unaona nchi yote mpaka ukungu, mkubwa akaniuliza, "Babu, ulipokuwa unaendesha lori ulipita hapa mara ngapi?" Nikaanza kuhesabu. Miaka ishirini na miwili, kupanda na kushuka. Nikashindwa. Akauliza, "Na mama ulimleta hapa lini?" Nikasema sikuwahi. Akasema, "Lakini si alikuwa anakaa hapo chini?"

Hili ndilo jambo lenyewe.

Miaka ile miwili mama yako alipokuwa anaumwa, 1994 mpaka 1996, nikakupeleka kwa shangazi yako, nilikuwa napita Kolo mara mbili kwa wiki. Wewe ulikuwa unaambiwa baba yuko safari ya mbali. Safari ya mbali ilikuwa hatua mia kutoka kitandani kwako. Mwanzoni nilikuwa nasimama. Nakuletea mkate, au muwa, nakaa nusu saa. Kila nikiondoka ulikuwa unashikilia ngazi ya lori, na siku moja utingo akakubandua vidole kimoja baada ya kingine, mimi nikiwa nimekamata usukani natazama mbele. Tajiri alikuwa mtu wa kuhesabu saa, hilo ni kweli, na dawa za mama yako zilikuwa zinanunuliwa kwa safari zile, hilo nalo ni kweli. Lakini si sababu. Sababu ni kwamba sikuweza kuviona vile vidole tena. Baada ya siku ile nikawa napanga nipite usiku. Nikikaribia ule mwembe naliachia lori fri kwenye mteremko, injini isingurume, nakiona kibatari dirishani, napita.

Nilidhani ni siri yangu na utingo wangu, naye ameshafariki. Usiku ule tuliorudi kutoka Mongomi, watoto wamelala, shangazi yako akaniambia alikuwa analijua lori lile kwa mlio wa springi mbovu ya nyuma, kushoto. Kila mara alilisikia. Kisha akasema, "Hata mama alikuwa analisikia. Alikuwa anaamka, anakaa kitandani mpaka mlio uishe, halafu analala. Hakuwahi kuuliza." Akasema hivyo huku anapepeta mtama, hata hakuinua uso.

Shangazi yako ana miaka sabini na kitu na mambo mengine anayachanganya. Huenda hili nalo amelichanganya. Wewe ndiye unayejua. Nimekaa na maneno yake wiki tatu, nimeendesha nayo kwenda na kurudi, na sitaki kuyaweka kwenye simu. Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipotaka, basi.

Babati tulikaa siku mbili. Baba yako mdogo ni mzima, amenenepa, ng'ombe amebakisha wanane na anawaita kwa majina ya mama zao kama mzee. Watoto waliona viboko ziwani, wakala samaki, wakauona Mlima Hanang asubuhi moja kabla mawingu hayajaufunika. Kurudi tuliendesha siku moja, na safari hii vibao vyote vya hamsini mguu uliviona.

Mizigo ni hii. Ufuta kilo tatu na karanga vinatoka kwa shangazi. Ubuyu ulikuwa mwingi, sasa sijui. Dumu la asali ni la baba yako mdogo, kifuniko chake hakishiki vizuri, mwambie mkubwa alisimamishe miguuni asiliweke juu ya rafu ya treni. Shangazi alitaka pia kukuletea jogoo, yule mweupe mwenye madoa shingoni, nikamwambia kwenye treni ile hawaruhusu. Akasema basi atabaki kule, ni wa mama, hakuna wa kumchinja mpaka mwenyewe aende. Amemfunga uzi mwekundu mguuni ili asichanganywe na wengine.

Bata mzinga siku hizi hafugi.

Baba yako