Deni la miaka 14 limenipigia simu

Mhariri,

Jumanne nikiosha vyombo, mikono imejaa povu, simu iliita. Kijana mwenye sauti ya upole akanitaja kwa majina yangu yote matatu, akasema nadaiwa mkopo niliouchukua miaka 14 iliyopita. Mkopo wenyewe naukumbuka. Ulibaki kiasi gani, sikumbuki, na nilipomuuliza naye hakujua. Alichojua ni kwamba kuna "punguzo" nikituma chochote siku hiyohiyo, hata kidogo.

Hicho "chochote" ndicho kilichonishtua. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mahakama, na maneno yake sijayasahau: deni likikaa miaka mingi bila kufunguliwa kesi, sheria za nchi nyingi humfungia mdai mlango wa mahakama. Ila ukilipa hata kipande, au ukilikiri kwa maandishi, huenda miaka ikaanza kuhesabiwa upya. Muda wenyewe hutofautiana nchi na nchi, hata deni na deni.

Nikamwambia, "Mwanangu, niletee kwa barua mkataba wenye saini yangu, hesabu yote, na hati ya kuonyesha nani kawatuma." Akakata simu.

Ijumaa akapiga mwingine, huyu mkali, akitishia kumpigia mwajiri wa binti yangu. Binti anahusikaje? Wakati ule hata shule alikuwa hajamaliza!

Sikatai kulipa ninachodaiwa kihalali. Sasa kila simu naiandika, tarehe na saa, nyuma ya kalenda ya jikoni. Barua hadi leo sijaiona.

Msomaji mstaafu
(Jina limehifadhiwa)