Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini, Zanzibar: jua langu, uniti zangu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Jambiani, chini ya paneli 8 za sola nilizozinunua kwa kiinua mgongo cha ualimu.

Wiki ya kwanza baada ya kufungiwa, saa saba mchana, jua la utosini, mke wangu yuko pwani kwenye mwani wake na nyumbani kinachofanya kazi ni friji tu. Nikaitazama mita ya tukuza, hii ya umeme wa kulipia kabla: uniti zinashuka. Nikazima friji. Zikazidi kushuka! Nikazima inveta ya sola, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, zikasimama. Fundi alipokuja alikuna kichwa, akaniambia, "Mwalimu, mita hii haijui umeme unaingia au unatoka. Kila kinachopita inakihesabu."

Yaani umeme unaozidi kwangu unapita kwenye waya, unakwenda kupoza vyumba vya wageni hoteli ya jirani, na anayeulipia ni mimi.

Nilikwenda kuulizia mita ya njia mbili. Nikaambiwa niandike barua, nikaandika. Nimerudi mara tatu, na kila mara nakutana na mtu mwengine, mpole kweli, asiyejua barua iko wapi.

Mheshimiwa, ninachoomba si kikubwa. Nifungiwe mita inayotenganisha umeme ninaochukua na ninaotoa, hata kwa gharama yangu. Ninaotoa niandikiwe, niuchukue usiku. Mkisema uniti yangu ihesabiwe nusu kwa ajili ya nguzo na waya, nitakubali. Wenzetu Kenya jambo hili wameliweka kwenye Sheria ya Nishati ya 2019, kwa mitambo isiyozidi megawati 1. Wangu haufiki hata kilowati 4. Kama kwetu kanuni ipo, ibandikwe pale watu wanaponunulia umeme. Kama haipo, iandikwe.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolala chini ya bahari, unaingilia Fumba. Mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, ikapita miezi mitatu; nilisahihisha mitihani kwa kandili, na samaki ilikuwa ukikosa kumla siku ile ile umemtupa. Waya mpya uliletwa 2013, tunashukuru. Lakini mchana wa kaskazi, viyoyozi vya mahoteli vinapovuta umeme kwa pupa, ndipo na mapaa yetu yanapoutoa kwa wingi. Kwa nini tuuzuie?

Sikudanganyi kwamba sola ya namna hii ingetuokoa wakati ule. Isiyo na betri, umeme wa gridi ukikatika inveta nayo inajizima, na jirani zangu wananicheka sana kwa hilo. Hapo sina lawama. Ingeendelea kusukuma umeme, ingemuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa.

Jengine ni chumvi. Bolti nilizofungiwa zilikuwa za chuma cha kawaida. Kusi moja tu likazila. Nilipopanda kufuta paneli, bolti moja ilivunjika mkononi kama biskuti, na paneli ya pembeni ilikuwa inachezacheza juu ya kichwa cha mjukuu wangu. Kabla ya nyumba ya pwani kuunganishwa na gridi, basi apande mtu kwenye paa aangalie: bolti ziwe za chuma cha pua, nyaya ziwe zimefunikwa, na waya wa ardhini uwepo. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Kwa sasa inveta naiwasha pale tu pampu inapovuta maji au mke wangu anapopiga pasi, kisha nakimbia kuizima. Leo pasi imekwisha zamani, na barua hii imenichelewesha dakika 20.

Mwalimu mstaafu,
Jambiani, Kusini Unguja