Mmemsifu daktari, chupa yenye kinyama mmeiacha

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kijana naanza kufundisha Baiolojia, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia, hata siku mlipochapisha kwamba popo ni ndege. Safari hii nimeshindwa. Nazungumzia ile makala ya kurasa mbili ya Jumapili kuhusu madaktari bingwa wa upasuaji waliogeuka watafiti wa saratani, na hizo mnazoziita "zama mpya za dawa lengwa", yaani dawa zinazolenga kitu mahususi kwenye uvimbe. Mnaikumbuka. Ile yenye picha ya Mzungu na hadubini yake, ambaye jina hamkumpa kwa sababu, nadhani, hata nyinyi hamumjui.

Sina ugomvi na sifa mlizozitoa. Beatson wa Glasgow alistahili: mwaka 1896 alieleza jinsi saratani ya matiti ilivyorudi nyuma baada ya kumtoa mgonjwa ovari, wakati huo estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari, haijulikani hata kwa jina. Folkman wa Boston, daktari wa upasuaji wa watoto, naye alistahili. Mwaka 1971 alisema uvimbe hauwezi kuendelea kukua usipojivutia mishipa mipya ya damu, wakubwa wa fani wakambeza, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha bevacizumab, dawa iliyotengenezwa kwa wazo hilohilo. Sawa kabisa. Lakini mmeyasimulia haya kana kwamba daktari anakata, anakwenda kulala, na asubuhi anaamka na dawa. Kati ya kisu na dawa kuna chupa, na ndani ya chupa kuna kinyama: kipande kilichokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa ili kikapimwe maabara. Hapo makala yenu ilipita kama basi la usiku lisilosimama kituoni.

Mfano ulio bora kuliko yote hiyo mliyoifuata Ulaya na Marekani uko hapa jirani, Kampala, nanyi mmempa Denis Burkitt sentensi mbili. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa saratani kwenye taya, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu ugonjwa huo katika jarida la upasuaji la Uingereza. Aliona kisu hakiwasaidii watoto wale, akaanza kutumia dawa, na wako waliopona. Mwishoni mwa 1961 alisafiri kwa gari karibu maili 10,000, kutoka Uganda kupita Tanganyika hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali uvimbe ule unaonekana wapi na hauonekani wapi. Hayo angalau mngeyaandika. Lakini sikilizeni na haya, yaliyoanza kabla ya safari hiyo. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na katika wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana: vinyama vikatwe Kampala, virushwe kwa ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitafuta ndani ya vinyama hivyo kirusi alichokishuku kuleta uvimbe, asikione. Desemba 1963 ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Chupa ikafika imechelewa, maji yake yamekuwa ya ukungu vilevile, na mtu mvivu angedhani ni bakteria akaimwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zinaelea, hai. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kilitoka kwenye taya la mtoto wa Uganda, kikasafiri katika chupa iliyofungwa vizuri na kuandikwa vizuri. Nyinyi mkaandika "baada ya utafiti wa kina". Utafiti wa kina!

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira. Mdogo wangu wa kike aliondolewa uvimbe wa titi katika hospitali moja ya mkoa, si mkoa huu ninaoishi, na sitaitaja. Daktari alifanya kazi safi, simlaumu. Kisha nesi akatoka mlangoni akaniambia, "Baba, tutafutie chupa yenye mdomo mpana." Chupa gani? "Yoyote, bora iwe safi." Nikaenda dukani nikanunua mayonezi, mayonezi nikampa mama wa chipsi, chupa nikaiosha bombani. Nikarudishiwa ikiwa na kinyama kinaelea kwenye maji ya dripu. Nikasema, binti yangu, hii si formalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama, hii itaoza. Akanijibu formalini imekwisha na kwamba "wengine wote wanapeleka hivihivi". Nikazunguka maduka ya dawa ya mji ule, hakuna aliyekuwa nayo. Jina la mgonjwa liliandikwa kwa wino kwenye plasta, na plasta ikabandikwa juu ya kifuniko. Kifuniko, Mhariri! Kana kwamba vifuniko viwili mezani haviwezi kubadilishana. Na ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo nikapanda basi na ile chupa mapajani hadi Dar es Salaam, ikalala juu ya kabati la shemeji yangu mpaka maabara ilipofunguliwa Jumatatu. Fundi wa maabara alipoifungua aligeuza uso. Majibu yakaja: ni saratani, hilo limesomeka, ila vipimo vya vipokezi vya homoni na vya protini ya HER2, vinavyoonyesha dawa gani itamfaa mgonjwa, haviaminiki kwa sababu kinyama kimeharibika. Daktari wa saratani, mtu muungwana, akaniambia, "Mwalimu, dawa ipo, lakini siwezi kuitoa kwa kubahatisha." Na alisema kweli. Trastuzumab, ile dawa lengwa ambayo makala yenu iliiimba kuanzia aya ya kwanza, hushika protini hiyo ya HER2. Wanawake wenye saratani ya matiti ambao protini hiyo imezidi kwenye uvimbe wao ni kama mmoja kati ya watano, au pungufu ya hapo. Waliobaki ukiwapa umechoma fedha na kuuhatarisha moyo wao bure. Ikabidi mdogo wangu akatwe tena, safari hii tezi ya kwapani, kinyama kikawekwa kwenye formalini, kikapimwa. HER2 yake imezidi. Yaani dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015 ilikuwa inamngoja, na kilichomchelewesha ni chupa ya mayonezi.

Halafu nikafungua ukurasa unaofuata makala yenu, nikakutana na tangazo la tabibu anayeyeyusha "vimbe zote bila kisu, hata zilizoshindikana hospitali", namba yake ya simu kubwa kuliko kichwa chenu cha habari. Hayo ndiyo mnayoyaweka mgongoni mwa makala ya saratani? Tangazo hilohilo nalisikia stendi kwenye spika, redioni, na kwenye kibandiko nyuma ya bajaji. Wagonjwa wangapi wanapitia huko kwanza, wanafika kwa daktari titi limeshapasuka? Huyu wa "bila kisu" hana chupa kabisa, wala hahitaji, maana hajui anachokitibu ni nini. Jipu, uvimbe wa mafuta, saratani, kwake ni unga mmoja. Nanyi mnapokea malipo yake.

Basi mkitaka kujirekebisha, mfanye hivi. Kila atakayeleta tangazo la "bila kisu", mtozeni bei ya pipa moja la formalini, mlipeleke hospitali ya wilaya mtakayoichagua wenyewe. Na mchapishe, mahali penu pa katuni, maelezo haya: chupa ya plastiki ya nusu lita yenye mdomo mpana, formalini ya asilimia 10 mara kumi ya ujazo wa kinyama, kinyama kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, lebo ibandikwe tumboni mwa chupa, iandikwe kwa penseli, na saa ya kukata itajwe. Ndugu wa mgonjwa ayakate ayaweke mfukoni, ayatoe mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Aliyeandika ile makala naye mpelekeni akasimame kwenye mlango huo, Ijumaa mchana. Aende na chupa yake, kisha aisindikize mpaka maabara. Nauli ya kwenda nitamlipia mimi. Ya kurudi mlipieni nyinyi.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro